Sengerema ni ya nani, na kituo chetu kitafikaje kuwa hospitali? Jibu kwa msomaji wa Buchosa

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Buchosa, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo mtaalamu. Kijijini kwetu tumechanga mpaka boma la kituo cha afya limefika kwenye lenta, sasa tunaambiwa tuchange tena, na viongozi wanasema kikikamilika kitakua taratibu kama ilivyokua Sengerema, mwisho wa siku tutakuwa na hospitali yetu. Bibi anasema Sengerema ni ya masista, mama anasema ni ya serikali, mimi nilipojifungulia pale nikaambiwa ni hospitali teule. Ni ya nani hasa? Na hospitali huwa inakuaje mpaka inafika pale?"

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa mtoto. Nimefanya kazi ya ukatibu wa afya huku kanda ya ziwa muda mrefu na swali lako ndo lile ambalo watu wanapaswa kuuliza kabla hawajatoa hata tofali moja, kwa hiyo nitalijibu kwa urefu, univumilie.

Jibu la haraka ni kwamba bibi yako na mama yako wote wako sahihi. Hospitali ile mali yake ni ya kanisa Katoliki, jimbo la Geita, ilianza mwaka 1959 wakati huo jimbo la Geita lenyewe bado halijazaliwa (lilikuja 1984), eneo lote hilo likiwa chini ya Mwanza, na msaada mkubwa ulitoka Uholanzi. Masista anaowakumbuka bibi ni kweli walikuwepo. Lakini mama naye anachokiona ni kweli, maana sehemu kubwa ya wafanyakazi mshahara wao unatoka serikalini, na kwa miaka mingi wilaya nzima iliitegemea kama hospitali yake ya wilaya. Huo mpango ndo unaitwa hospitali teule: kanisa linabaki na majengo, ardhi na uongozi, serikali inaleta mishahara kwa mujibu wa ikama (idadi ya watumishi wanaotakiwa), ruzuku ya kuendeshea na dawa, halafu hospitali inakubali kuhudumia wananchi wote wa wilaya bila kuuliza dini wala kabila, na kwenye bodi yake wanakaa watu wa pande zote mbili.

Sasa hilo la pili, hospitali inakuaje, hapo ndo pana mambo.

Rudi nyuma kidogo. Tanganyika inapata uhuru 1961 madaktari wazawa walikuwa 12 tu, nchi nzima, na huku ziwani tiba nyingi ya vijijini ilikuwa mikononi mwa misheni. Hizo misheni hazikukaa pale kwa sababu mtu alihesabu watu na umbali, zilikaa pale parokia ilipo, pale chifu alipotoa ardhi, pale padre au mchungaji wa kwanza alipofika. Angalia Shirati kule Rorya, karibu na mpaka wa Kenya, Wamennonite kutoka Marekani walifika 1934 wakaanza na huduma ndogo kabisa, ikaja hospitali, ikaja kazi kubwa ya ukoma, ikaja shule ya wauguzi, leo Shirati iko chini ya Kanisa la Mennonite Tanzania. Ukienda Kagera utakuta Ndolage ya Walutheri na Rubya ya Wakatoliki, zote ni za enzi hizo hizo za misheni. Ndo maana mpaka leo ukiangalia ramani ya kanda ya ziwa kuna sehemu zina hospitali mbili jirani na sehemu zingine unatembea siku nzima hamna kitu, na watu wa visiwani kama Kome wanalijua hilo vizuri kuliko mimi.

Kwenye miaka ya 1970 serikali baada ya Azimio la Arusha ilitaka kila wilaya iwe na hospitali, lakini hela ya kujenga kila mahali haikuwepo, na palipokuwa na hospitali ya misheni tayari ilikuwa ni ujinga kujenga nyingine jirani yake. Hapo ndo ukaja mpango wa teule. Mimi nauona ni moja ya maamuzi ya busara sana kwenye historia ya afya nchini kwetu, na nasikitika kwamba hausemwi vya kutosha, maana uliziokoa hospitali nyingi ambazo wafadhili wa nje wangeziacha siku padre wa Kizungu anarudi kwao. Hospitali ya misheni inayotegemea barua za shukrani kwenda Ulaya ikipata mishahara ya uhakika kila mwezi inabadilika, daktari anakaa, nesi anajenga nyumba, mtoto wa nesi anasoma pale pale, watu wanaanza kuiamini.

Bugando ndo mfano mkubwa zaidi na kila mtu wa Mwanza anaiona pale juu ya kilima hata ukiwa ziwani unakuja na boti. Ilijengwa na kanisa Katoliki kuanzia 1968, hela nyingi ikitoka kwa Wakatoliki wa Ujerumani kupitia shirika la Misereor, ikafunguliwa 1971. Mwaka uliofuata tu, 1972, serikali ikaitaifisha. Ikakaa serikalini mpaka 1985, ndo ikarudishwa kwa kanisa, kwa Baraza la Maaskofu, lakini haikurudishwa kama ilivyochukuliwa, ilirudi ikiwa na makubaliano kwamba inaendelea kuwa hospitali ya rufaa ya kanda na serikali inaendelea kulipa mishahara. Sasa fikiria wangerudishiwa majengo tu wakaambiwa haya jiendesheni, jengo kama lile, lifti, maabara, mamia ya wafanyakazi, kanisa gani lingeweza? Leo ina vitanda zaidi ya 900 na inapokea rufaa kutoka Mwanza, Geita, Simiyu, Shinyanga, Mara, Kagera na hata ng'ambo ya hapo.

Ila kilichoifanya Bugando ikue kweli kweli, kwa maoni yangu, ni chuo kuliko lile ghorofa. Mwaka 2003 kikaanzishwa chuo kikuu cha udaktari pale pale kilimani, kwa ushirikiano na chuo cha Weill Cornell cha New York, ndo hiki leo tunakiita CUHAS, yaani Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Sayansi za Afya. Kabla ya hapo kijana wa Magu au Ukerewe akitaka udaktari anaenda Dar au Moshi, akimaliza huko anaoa huko na kazi anapata huko huko, huku tunabaki tunaomba kuletewa. Chuo kikiwepo hospitalini, walimu wa chuo ndo hao hao madaktari bingwa wa wodini, wanafunzi wanazunguka wodini kila asubuhi, na baadhi ya hao wanafunzi leo ndo wakuu wa idara. Hospitali inayofundisha inajizalishia watu wake, na hilo jambo huwezi kulinunua kwa mchango wa tofali. Hata Shirati na Sengerema usiangalie tu wodi, angalia kwamba zote zilikuwa na vyuo vya wauguzi.

Naomba nikupe ushahidi mwingine ambao ni wa kwetu hapa hapa Mwanza na unajulikana dunia nzima, ila wenyewe tumeusahau. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa NIMR Mwanza (taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba), shirika la afya la AMREF na wenzao wa chuo cha London walichukua jamii 12 za vijijini mkoani, za mwambao na visiwani zikiwemo, nusu yake wakaboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa kwenye zahanati na vituo vya afya vilivyokuwepo tayari. Hawakujenga kitu. Waliwafundisha waganga na manesi wa pale, wakahakikisha dawa hazikatiki, wakawa wanawatembelea kuwasimamia mara kwa mara, na wakaelimisha wananchi. Matokeo yakatoka 1995: maambukizi mapya ya UKIMWI kwenye hizo jamii yalikuwa chini kwa karibu asilimia 40 ukilinganisha na zile zingine. Asilimia 40, kwenye zahanati zenye bati zile zile na kuta zile zile! Mimi kila nikikaa kwenye kikao mtu anazungumzia ramani na vigae nawakumbusha hiyo habari.

Kwa hiyo mdogo wangu, hospitali inakua kwa anayelipa mishahara na uendeshaji wa kila mwezi, majengo yanakuja kuufuata huo mkataba. Viongozi wenu wanaanzia mwisho.

Sitaki kukukatisha tamaa. Kipindi cha MMAM, ule mpango wa 2007 wa zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata, wananchi kanda yetu hii walijitoa sana, Wasukuma kwa kufanya kazi za pamoja hawajambo, kokoto zinasombwa, akina mama wanabeba maji, maboma yakasimama mengi. Mengine yalikaa miaka yanaota nyasi mpaka serikali ilipokuja na awamu za kukamilisha maboma. Na kuanzia kwenye 2017 na kuendelea imeingia hela nyingi, vituo vya afya vikaongezewa thieta, wodi ya wazazi, maabara na nyumba ya mtumishi, hospitali za wilaya mpya zikaanza kujengwa mahali ambapo hazikuwepo, 2021 ikaja hela ya tozo za miamala na ile ya UVIKO. Hayo ni maendeleo na nimeyaona kwa macho yangu, mama aliyekuwa anasafirishwa usiku kucha sasa anafanyiwa upasuaji kwenye kata yake. Kule Ukara baada ya MV Nyerere kuzama Septemba 2018, watu zaidi ya 220 wamekufa, hela za rambirambi zilizobaki zilipelekwa kupanua kituo cha afya cha Bwisya pale pale kisiwani, na kwa kweli hakuna matumizi bora zaidi ya hela ile ambayo ningeweza kuyafikiria.

Lakini nimeona pia thieta moja, jina la kituo siliweki, imejengwa vizuri, vigae mpaka juu, taa ya upasuaji imeshafungwa darini ila bado imevishwa nailoni yake ya kiwandani, meza ya upasuaji nayo ina nailoni, na mashine ya kuchemshia vifaa iko kwenye boksi kona ya chumba watu wameweka juu yake madaftari ya kliniki. Nikauliza ufunguo anakaa nao nani, nesi akasema upo tu kwenye droo. Kwa nini haifanyi kazi? Hakuna mtu wa usingizi. Daktari wa kupasua yupo, kijana mzuri tu, lakini wa kutoa dawa ya usingizi hayupo, alikuja mmoja akahamishwa, na bila huyo huwezi kumpasua mtu hata uwe na jengo la dhahabu. Wajawazito wakikwama bado wanapandishwa kwenye gari usiku. Hiyo thieta ilitumia jasho la wananchi kama ninyi, na ilikosa mtu mmoja.

Ndo maana nikienda kukagua kituo huwa naangalia jengo mwisho. Naanza na ikama, yaani wanatakiwa watumishi wangapi na wapo wangapi, na katika waliopo wangapi wamelala hapa na wangapi wanaishi mjini wanakuja Jumatatu. Nyumba za watumishi! Watu wanachangia wodi, nyumba ya nesi hakuna anayeikumbuka, halafu tunashangaa nesi ameomba uhamisho. Huko mwambao ambako chumba cha kupanga chenye choo cha ndani ni cha kutafuta kwa tochi, nyumba mbili nzuri za watumishi zina faida kuliko wodi ya pili. Halafu naangalia maji, maana kuwa jirani na ziwa siyo kuwa na maji, pampu ikifa wodi ya wazazi inategemea ndoo, na maji ya ziwani bila kutibiwa unajua mwenyewe habari ya kichocho huku kwetu. Halafu umeme wa akiba, mafuta ya jenereta yananunuliwa na nani mwezi wa pili baada ya uzinduzi. Halafu damu, inatoka wapi na friji yake inafanya kazi. Halafu oksijeni. Halafu dawa, makusanyo ya kituo yanatosha kuongezea pale mgao wa MSD, yaani Bohari ya Dawa, unapopungua?

Kwenye hilo la hela kuna kitu kizuri ambacho wananchi wengi hawakijui. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 sehemu ya fedha za afya, hasa ule mfuko wa pamoja wa wafadhili, zinakwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo chenyewe, siyo kukaa halmashauri kama zamani. Kituo kina akaunti yake, kina mhasibu au msaidizi wa hesabu, na kina kamati ya usimamizi ambayo ndani yake wapo wananchi wa kawaida. Hao wanakamati ni wenu. Mimi nimeona kituo kimoja kikabadilika kabisa kwa sababu tu mama mmoja muuza dagaa aliyekuwa kwenye kamati alikuwa anataka kuona risiti kila kikao, hakusoma sana lakini hesabu ya biashara anaijua, na mganga mfawidhi mwenyewe alikuja kuniambia yule mama ndo amemsaidia kuliko mafunzo yote.

Sasa kuhusu ndoto ya kufika ilipo Sengerema. Kwa ngazi za serikali, zahanati iko kijijini, kituo cha afya kwenye kata, juu yake hospitali ya wilaya, halafu rufaa ya mkoa ambayo kwa Mwanza ni Sekou Toure, halafu ya kanda ambayo ni Bugando. Kituo cha afya kupandishwa kuwa hospitali siyo jambo linalotokea lenyewe kwa kukaa miaka, kinapandishwa wizara ikiridhika na majengo, vifaa na watumishi, na halmashauri moja kwa kawaida inapewa hospitali moja. Kwa hiyo kiongozi anayekuambia kila kata itakuwa na hospitali yake anakupa kitu ambacho hata mfumo haukipangi, na wala hamkihitaji. Mnachohitaji ni kituo cha afya kinachopasua usiku, chenye damu na gari la wagonjwa lenye mafuta. Kituo cha namna hiyo kinaokoa wajawazito wengi kuliko hospitali ya jina.

Na jambo la rufaa limebadilika sana huku kwenu kuliko watu wanavyosema. Miaka yote hiyo mgonjwa akitoka Sengerema au Geita kwenda Bugando ilikuwa lazima asubiri kivuko, Busisi au Kamanga, gari la wagonjwa limepanga foleni na malori ya ng'ombe na mabasi, ikiwa usiku sana kivuko hakuna, nesi ameshika dripu mkononi anaangalia taa za upande wa pili. Wangapi wamefia pale gatini hakuna anayeweza kuwahesabu. Daraja la Kigongo hadi Busisi, la kama kilomita 3, ujenzi ulianza 2020 na likafunguliwa Juni 2025, na kwa mtu wa afya lile daraja ni kama kuongezewa wodi ya dharura. Limeisogeza Bugando kwenu. Maana yake kituo chenu hakilazimiki kuwa na kila kitu, kinalazimika kujua mapema nani wa kupelekwa na kumfikisha akiwa hai. Ila ninyi wa visiwani na wa ndani kule mwambao bado barabara mpaka lami ndo tatizo, na boti ya wagonjwa, hilo nalo lisemeni kwenye mkutano.

Umeuliza pia, kwenye sehemu niliyoifupisha, kama hospitali teule zitakufa sasa serikali inapojenga hospitali zake za wilaya. Hofu hiyo ni ya kweli na mimi ninayo. Pale ambapo halmashauri inafungua hospitali yake, mkataba na ile ya kanisa unaweza kupunguzwa au kubadilishwa, watumishi waliokuwa wameazimwa wanarudishwa serikalini, na hospitali iliyojengwa kwa miaka 60 inajikuta inatafuta mishahara upya, bei zinapanda, na huyo huyo mama wa kijijini ndo anashindwa. Tangu 1992 makanisa na serikali yana makubaliano ya jumla, na CSSC, tume ya makanisa ya huduma za jamii, iliundwa mwaka huo huo kwa kazi hiyo, lakini kinachoamua maisha ya hospitali ni ule mkataba wa huduma kati yake na halmashauri husika, unasainiwa na nani, unaisha lini, unalipa nini. Msimamo wangu ni kwamba kuwaondoa watumishi hospitali inayofanya kazi ili kwenda kujaza jengo jipya ambalo halijawa tayari ni kosa, na madiwani wana uwezo wa kulizuia kama wananchi wao wanawauliza. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inaweza kusaidia hapo, maana bima inamfuata mgonjwa anakotibiwa, iwe ya kanisa au ya serikali, ila itategemea malipo yanafika kwa wakati kiasi gani. Hospitali inayodai bima miezi mingi hainunui dawa.

Kwa huo mchango mpya, mimi ningetoa, lakini ningeuliza kwanza kwenye mkutano mkuu wa kijiji, mbele ya diwani na mtendaji, maswali yaandikwe kwenye muhtasari. Kituo kimeombewa watumishi wangapi kwenye ikama ya mwaka ujao wa fedha, na barua ya maombi iko wapi. Mtu wa usingizi ameombwa? Fundi maabara? Hela ya awamu hii inajenga nini, na kama ni wodi ya pili, kwa nini isiwe nyumba ya watumishi na tenki la maji. Kamati ya usimamizi imechaguliwa lini na mapato na matumizi yanabandikwa ukutani kila robo mwaka? Wakikujibu "tumeshaomba, tunasubiri", waambie vizuri tu, kwa heshima, wakuletee nakala ya hiyo barua kikao kijacho, na wewe mwenyewe kama nafasi ya mwanamke kwenye kamati iko wazi gombea, umeshajifungulia wodini unajua kinachokosekana.